Sifuri Sabini za Mama

Siku mamangu aliposimama kanisani kushuhudia kwamba amepona, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefura ndani ya leso.

Hiyo leso nilimfunga mimi.

Naitwa Kyule. Naishi mtaa wa Umoja na mamangu, Mbithe. Ugonjwa wake hauna adabu. Leo unafura mdomo, wiki ijayo mguu, na baada ya siku mbili tatu uvimbe umeisha. Ukifika kliniki uko mzima, unaonekana mwongo.

Ndiyo maana Daktari Wacera alimpa fomu. Kila jioni ajibu: umefura leo? Kwa kiasi gani, sifuri mpaka tatu? Umeshindwa kufanya kazi?

"Mama, uvimbe ukija mimi siko," daktari alimwambia. "Mimi naona kwa hii karatasi tu. Ndiyo napimia dawa."

Mama akaitikia vizuri. Tulipofika nyumbani akaandika sifuri.

"Lakini mathe, leo hata kikombe kimekushinda kushika."

"Nimeshashuhudia mbele ya watu, Kyule. Nikiandika nimefura, nitakuwa nimekiri ugonjwa. Unataka nimfanye Mungu mwongo?"

Nikamwachia kalamu. Kubishana na Mbithe ni kutwanga maji kwenye kinu.

Siku sabini, sifuri sabini. Daktari akafurahi, akapunguza vidonge. Nilikuwa nimekaa hapo hapo nikimtazama akiandika, roho ikiniuma. 

Jumamosi moja tulienda Kiamaiko kununua nyama ya mbuzi. Mama alikuwa akibishana na Phares, muuzaji wetu, kwamba lile paja ni mafuta matupu. Sauti yake ikaanza kuwa nzito.

Halafu ikapotea kabisa. Akashika shingo, akaniangalia.

Sijawahi kuogopa vile maishani.

Phares alishusha mbuzi kwenye pikapu yake, tukampakia mama. Hospitalini wakamwingiza mrija kooni. Daktari Wacera alikuja na faili, akapekua zile karatasi mara mbili.

"Sielewi. Hapa hajafura hata siku moja."

"Ni uongo, daktari," nikasema. "Zote."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole.

"Na hapa? Huu ugonjwa ni wa kurithi. Kuna mwingine kwenu anayefura? Imeandikwa hakuna."

Mwandiko ulikuwa wangu.

"Hakuna," nikarudia, mama akiwa amelala pale na mrija mdomoni.

Siku ya tatu mrija ukatolewa. Maneno ya kwanza ya mama, kwa sauti iliyokwaruza, hakuniambia mimi.

"Daktari, muulize huyu kwa nini kiatu chake cha kulia hakifungwi kamba."

Nimekuwa nikifura tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani hajui. Kumbe kila jioni tulikaa meza moja tukidanganyana, yeye na leso yake, mimi na soksi yangu.

Daktari akanisogezea fomu mpya.

Nilivua kiatu kwanza, mguu wote akauona. Kisha nikaandika tatu. Mama akanyoosha mkono akaomba kalamu na yeye.

Ndugu yangu unayesoma, wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua. Ukipewa fomu, iandike ilivyo. Mungu anajua tayari. Anayengoja kuambiwa ni daktari.