Moshi wa Uwanja wa Ndege

Uwanja wetu wa ndege hapa Gisenyi, miaka ile ya hamsini, ulikuwa na ng'ombe wengi kuliko Rwanda nzima. Ndege ilitua mara moja kwa juma. Siku nyingine zote uwanja ulikuwa wa ng'ombe. Kazi yangu na Kabera ilikuwa kukata majani, kuwafukuza hao wenye uwanja, na kuwasha moshi. Tulirundika majani mabichi juu ya makaa, pembeni, ili rubani ajue tuko wapi na upepo unatoka upande gani. Moshi wa Kabera, nakuambia, ulionekana hata Kigali.

Asubuhi moja rubani Mfaransa alitusimulia kwamba kwao pia viwanja vya kwanza vya ndege vilikuwa malisho ya kondoo.

"Bon," Kabera akasema, "na kondoo wakaenda wapi?"

Mfaransa alicheka hadi akakaa chini.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na tisa, nyumba za Watutsi zilianza kuchomwa vilimani. Kabera alikuwa Mtutsi wa Kanama. Alifika uwanjani yeye na jirani yake wamembeba dada yake mdogo, Veneranda, kwenye machela ya matete. Mkuki ulikuwa umempata pajani. Muganga wa zahanati ya mjini alisema jeraha limeoza, na asipofika hospitali kubwa ya Usumbura, kule Burundi, atakufa. Akamwombea nafasi katika ndege. Ilikuwa imebaki moja.

Ndege ikaja. Tukawasha moshi.

Ikazunguka, halafu ikapanda juu na kuelekea ziwani.

Nikatazama vilima. Kanama moshi. Kanzenze moshi.

"Zima," Kabera akasema. "Anazani na sisi tunachomwa."

Tukaufukia moto kwa udongo. Yeye alitumia mikono. Mlio wa ndege bado tuliusikia kule ziwani.

Nikakimbilia duka la vitambaa la baba mdogo, karibu na msikiti. Mbio zile, swala angeniomba nimpunguzie.

"Baba mdogo, nipe marekani. Nyeupe."

"Ya nani?"

"Ya ndege."

"Iko navaa mita ngapi?" akauliza, huku tayari ananitupia jora zima.

Tukalikunjua uwanjani, Kabera upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaliinua. Upepo ukalijaza. Sasa hata kipofu angejua unatoka wapi.

Ndege ikarudi, chini sana.

Ikatua.

Rubani hakuzima injini. Tulimpandisha Veneranda, naye akamshika kaka yake shati.

"Na we?"

"Mi nitakufuata na miguu."

"Usumbura iko mbali, kaka."

"Kwa ndege ndiyo iko mbali. Kwa miguu mutu anapumzika njiani."

Mlango ukafungwa. Kabera alisimama mpaka mlio ukaisha. Kisha akaokota fimbo, akaenda kumfukuza ng'ombe aliyeingia katikati ya uwanja, ingawa ndege nyingine haikuwapo. Jioni hiyo akavuka mpaka kwenda Goma, Kongo, na watu wengine wa Kanama.

Veneranda alipona. Kabera hakufika Usumbura. Wachuuzi wa maharagwe walituletea habari kwamba alifia Masisi, hukohuko Kongo, kwa homa, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akiuliza watu njia. Nimewahi kujaribu kupima siku ile: tulimwokoa mtu mmoja, na kwa kumwokoa tukawatenganisha wawili. Sijui mizani ya kupimia jambo hilo. Najua tu kwamba tungelikunjua tena jora lile.

Baada ya miaka mingi Veneranda alikuja dukani kwa baba mdogo, ambako sasa nilikuwa nauza mimi, akichechemea kidogo. Alikataa chai. Alitaka kujua kaka yake alifanya nini ndege ilipoondoka.

Nikamwambia: alisimama, akaokota fimbo, akamfukuza ng'ombe.

"Nieleze tena," akasema.

Nikamweleza tena, vilevile, bila kuongeza neno.