Mgeni Hajipakulii

Ijumaa nilikula mchana kwenye mgahawa wa Kihindi hapa Lindi mjini, ule wa bufee, unajipakulia mwenyewe mpaka ushibe. Meza ya jirani alikaa mama mtu mzima kutoka kijiji cha Likawage, kaletwa na binti yake. Binti alishajaza biriani. Mbele ya mama hapakuwa na kitu.

"Mama, nenda kapakue, ruhusa."

"Niingie nyumba ya watu, nifunue masufuria yao? Sikufunzwa hivyo."

Binti akainamisha uso kwa haya. Mwenye mgahawa, mama wa Kihindi mzaliwa wa hapahapa, alisikia. Akatoka kaunta na sahani mkononi.

"Shikamoo, mama. Nikupakulie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Chochote mlichojaaliwa."

Akamletea wali, mchuzi wa kuku na chapati, akamnawisha kwa birika. Mama hakugusa. Alivuta kiti kilichokuwa wazi, akakipigapiga kwa kiganja.

"Na wewe kaa. Siwezi kula mwenye nyumba kasimama."

Mwenye mgahawa, ambaye hushinda amesimama mpaka mteja wa mwisho atoke, aliitazama kaunta yake, kisha akakaa, akamega chapati. Tuliotaka chai, ambayo kwa kawaida huileta yeye, tulikwenda kujimiminia wenyewe, kimyakimya, tusije tukamwinua.