Msimu wa Kucheza Sisi kwa Sisi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, timu yetu ya raga haikukutana na mpinzani hata mmoja. Tulikuwa vijana thelathini tuliosomea ualimu, na chuo chetu kilikuwa mbele kidogo ya Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa. Kila Jumamosi tuligawana pande mbili, tukaangushana mpaka magoti yakachubuka. Jumapili tulikandana maji ya moto, watu wale wale.

Mchezo huo alituletea mwalimu wetu Mwingereza. Jirani zetu wote walicheza kandanda. Hakuna aliyeutaka mpira wa umbo la yai unaobebwa kifuani. Mama aliyeuza mihogo pembeni mwa uwanja hakuuzoea kabisa.

"Wanangu, mnagombania nini hicho?" alikuwa akipiga kelele. "Si mkikate, kila mtu apate chake! Na huo mpira, nani kaukalia?"

Nahodha wetu alikuwa mtoto wa mchonga vinyago kutoka Newala, mpana wa mabega, mpole wa maneno. Baada ya mtihani angerudi kwao kufundisha, mahali ambapo raga haikujulikana hata kwa jina. Mie nilikuwa katibu, na mchezaji dhaifu wa nyuma kabisa.

"Mechi moja tu, Katibu," aliniambia. "Nimechoka kuangushwa na mtu ninayejua anavyokoroma."

Waliocheza raga mjini walikuwa Wazungu wa klabu moja. Mwalimu akaniagiza niwaandikie kuomba mechi. Yeye angetia sahihi tu. Barua ya kwanza niliandika wazi kwamba sisi ni wanafunzi wa Kiafrika wa chuo cha ualimu. Wakajibu kuwa uwanja haupatikani. Ya pili niliandika vilevile, wakajibu kuwa ratiba imejaa. Kwa siku kadhaa nilijiuliza kama nilikosea. Labda nilinyenyekea kupita kiasi. Labda sikunyenyekea vya kutosha. Labda stempu ilikaa upande.

Barua ya tatu niliondoa maneno machache tu. Sikutaja wanafunzi, sikutaja Waafrika. Niliandika "timu ya chuo", basi. Mwalimu aliisoma, akashika kalamu kwa muda, akanitazama, kisha akatia sahihi. Mpaka leo sijui kama aligundua. Wiki haikwisha, jibu likaja: karibuni Jumamosi, saa kumi jioni.

Nahodha alifua jezi yake mara mbili. Tulipanda lori la chuo, lile la kubebea kuni kutoka Pugu, tukaimba njia nzima. Mie sikuimba. Nilikuwa nahesabu ni mambo mangapi yanaweza kuharibika, na lile moja nililolijua nililiruka kila mara.

Tulipofika, Wazungu walikuwa tayari uwanjani wakinyoosha miguu. Tuliposhuka walitazama nyuma yetu, wakingoja timu ishuke. Lori lilipobaki tupu, mmoja wao akamwendea mwalimu. Alisema kwa adabu sana kwamba pametokea kutoelewana. Walidhani mara hii ni timu ya walimu. Mwalimu alijibu jambo ambalo sikulisikia, uso umemwiva. Halafu tukaletewa sharubati ya machungwa kwenye ndoo, na vikombe vya bati, tukaonyeshwa mahali pa kukaa.

Wao wakagawana pande mbili, wakacheza wenyewe kwa wenyewe.

Nahodha alitazama bila kupepesa. "Yule mnene wa kushoto anaangushika," alisema taratibu. "Anakimbia kifua wazi." Baadaye akasema tena, "Yule pia." Kikombe chake kilibaki kimejaa.

Kwenye lori, tukirudi, ndipo akaniuliza. "Katibu, kwenye barua uliwaambia sie ni nani?"

"Nilisema timu ya chuo."

"Basi?"

"Basi."

"Afadhali!" mmoja akadakia kutoka nyuma. "Angesema yote, nyie mngekunywa wapi sharubati?"

Lori zima likacheka. Nahodha hakucheka. "Mie ningependa wanikatae nikiwa bwenini," alisema, "si nikiwa nimeshavaa jezi."

Nilitaka kumwambia kwamba nilifanya kwa ajili yake. Nikafikiri itasikika kama kisingizio. Nikafikiri kunyamaza nako kutasikika kama kiburi. Nilipomaliza kufikiri tulikuwa tumefika.

Hatukucheza tena. Mwalimu alikwenda likizo kwao na hakurudi. Milingoti ya goli iling'olewa, ikatumika kuezekea jiko la chuo. Nahodha alifanya mtihani, akafaulu, akapanda meli ya kusini na lile begi lake la turubai, bila kuangushwa na mtu asiyemjua.

Sasa nafundisha Temeke. Nimeanza kumwandikia mara nyingi. Namsalimu, namuuliza hali ya wazazi, namweleza darasa langu na mvua. Kisha nafika kwenye barua ile ya tatu, mahali pa kukiri kwamba nilijua wasingetukubali na bado nikampeleka. Hapo naanza kupima maneno. Pengine alishajua. Pengine amesahau, nami nitamkumbusha bure. Nasoma nilichoandika, na kila mara nakuta nimesema tu kwamba siku moja timu ya chuo ilikwenda mjini, halafu nimerudi kwenye habari za mvua.