Mzunguko wa Tatu

Mkono wa Sakuma Tokuzo ulikuwa na sifa Niigata nzima, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Alikuwa mshika kamba wa mashine ya kupima udongo. Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Nyundo ya kilo sitini na tatu na nusu inaning'inia chini ya magogo matatu yaliyofungwa pamoja juu. Mshika kamba anaiinua kwa kamba iliyozungushwa kwenye ngoma ya chuma inayoendeshwa na injini, kisha anailegeza, nayo inaangukia bomba na kulizamisha. Mapigo yanahesabiwa mpaka bomba lizame sentimita thelathini. Yakiwa mengi, udongo ni mgumu. Yakiwa chini ya kumi kwenye mchanga wetu ule wa mtoni, mwenye jengo alilazimika kuchimbia nguzo ndefu, na hakuna mwenye jengo aliyependa kusikia habari hiyo.

Nyundo za wenzake zilipiga kelele za kuamsha watoto waliolazwa mchana, lakini ya Tokuzo ilishuka kwa adabu. Siri yake ilikuwa bega. Mwaka wa hamsini na tatu alianguka kutoka juu ya magogo akaliumiza, na tangu hapo hakuizungusha kamba mara mbili kama wengine. Aliizungusha mara tatu ili ngoma imsaidie kubeba uzito. Akina mama waliokaa jirani na viwanja walimsifu na kumletea chai na vitumbua vya mchele vilivyofungwa kwa majani ya mwanzi. Naye alivila akicheka, akiamini kweli kwamba amejaliwa mkono.

Mwaka wa sitini na mbili ililetwa barua kutoka Tokyo ikisema kamba izungushwe mara mbili tu. Tokuzo aliwachekesha wenzake: "Hao wanashika kalamu, hawajui bega ni nini." Barua ilikuwa na kurasa mbili. Yeye alisoma wa kwanza tu; sababu ilikuwa kwenye wa pili.

Kisha, Juni ya mwaka wa sitini na nne, likaja tetemeko. Mchanga ulichemka na kutapika maji, na kliniki ya wazazi iliyokuwa kando ya mto ikalala ubavu nzima nzima, vioo vyake vikiwa havina hata ufa. Ndani yake kabati la vifaa lilimwangukia Toyo, mkunga aliyewapokea watoto wote wa Tokuzo, likamuua. Kliniki ile haikuwa na nguzo za chini, kwa sababu Tokuzo alipopima alipata kumi na moja.

Siku ya saba ya msiba watu walikwenda kumfukizia Toyo ubani. Tokuzo alisimama nyuma ya wote, akaondoka kabla ya chai. Mkewe, Kiyo, alimuuliza ana nini. Akasema ni bega tu. Ulikuwa uongo; alikuwa anaiwaza ile barua.

Kesho yake aliitwa na mhandisi Inomata, kijana mwenye heshima za kuchosha, aende kuchimba hatua kumi kutoka ilipolala kliniki. Inomata alimweleza bila kuzunguka. Shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilijengwa juu ya mchanga uleule, bila nguzo, kwa hesabu ya Tokuzo ya kumi na mbili. Haikupata ufa. Mwalimu mkuu alitaka kupiga kengele Jumatatu, watoto mia tatu warudi madarasani, na huku ardhi ilikuwa bado inatikisika kila siku. Inomata alitaka kuhakikisha hesabu za zamani kabla ya kutia sahihi.

Tokuzo aliishika kamba, akaitazama ngoma. Mkono ulikuwa tayari umeanza mzunguko wa tatu, wenyewe, kwa mazoea. Akaufungua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja alizungusha mara mbili.

Nyundo iliponguruma, bata waliruka kutoka kwenye mfereji. Bega lilimuuma hadi machozi yakamlenga. Alihesabu kwa sauti, kama kawaida ya kazi, na alipofika sita bomba likawa limekwisha kuzama.

"Sita," alisema.

Inomata aliandika. Hakuonekana kushtuka. "Si ajabu, Mzee Sakuma. Tetemeko limeulegeza mchanga hapa. Kule shuleni mchanga haukuchemka, kwa hiyo kumi na mbili yako haina shaka. Nitaandika hivyo."

Angenyamaza tu, angerudi nyumbani na sifa zake zote. Kijana alikuwa amemfungulia mlango mwenyewe, tena kwa heshima. Tokuzo aliitazama kliniki, akaitazama shule, na kwenye uzio wa shule akaona miavuli mitatu midogo iliyosahauliwa siku ile ya tetemeko.

"Usiandike, Bwana Inomata. Njoo huku uone."

Akaizungusha kamba mara ya tatu, akainua nyundo, akailegeza. Ikashuka kwa adabu, ikagusa bomba kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe. Haikuhitaji maelezo. Inomata alikuwa amesoma, na alijua nyundo inayozuiwa na kamba inapiga kidogo, na inayopiga kidogo inahitaji mapigo mengi. Uso ulimbadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu niumie bega."

"Na ile barua?"

"Niliicheka."

Inomata alifumba macho. Alipoyafumbua hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Tokuzo kuliko tusi. Alifungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa kwamba shule isifunguliwe, kisha akasema, "Nitajie nyumba zote ulizopima hivyo."

Tokuzo alizitaja, akifuata barabara moja baada ya nyingine kama mtu anayetembea. Posta. Maghala mawili ya mchele. Bafu la umma. Ofisi ya wavuvi. Nyingine zilikuwa zimeinama tayari, nyingine zilikuwa zimesimama na watu ndani, wanapika. Kalamu ya Inomata ilikuwa haiwahi. Baada ya jengo la kumi na nne mzee alinyamaza, na Inomata, akidhani yamekwisha, akaanza kufunga daftari.

"Bado moja," Tokuzo alisema. "Hutaikuta kwenye vitabu vya ofisi. Nyumba ya mwanangu Shigeo, upande mpya, karibu na mto. Mkewe anajifungua Agosti."

"Ulipata ngapi?"

"Kumi kamili. Tulikunywa sake siku ile." Alikuwa anaifungua kamba kwenye ngoma, mzunguko mmoja mmoja. "Nilimpimia bure. Ilikuwa zawadi yangu ya harusi."