Ardhi Safi Chini ya Gari

Kila nikisikia nyundo ikilia kwenye chuma kinene, mwanangu, hunirudia siku niliyokwenda kuposa nikafika ukweni kwa miguu, mikono myeusi kwa oili na suti ya kuazima imejaa vumbi. Leo tangu asubuhi unagonga hapo uani, na mimi tangu asubuhi niko siku ile. Weka nyundo chini kidogo. Majirani zetu wa hapa Ng'ambo, Tabora, wamezoea kelele za mafundi, lakini na wao wana masikio.

Nimeliona bamba unalolitengeneza. Nimepita hapo nikijifanya natafuta kuku, nikachungulia. Chuma ni kizuri, umekikunja mbele ili kipande juu ya kisiki badala ya kukikumbatia, na umekipima na chesisi kama mtu mwenye akili zake. Huko unakopeleka abiria, kuipita Igalula, wanaofyeka njia hukata mti usawa wa goti wakaondoka, majani yakaota juu, na kisiki kikakaa kinakungoja. Gari lisilo na kinga tumboni halimalizi masika huko. Kwa hilo sina neno.

Neno langu liko kwingine. Masele, tangu mlipomzika yule mtoto wenu mchanga, wewe hujalia. Mimi sijakusikia, mama yako mdogo hajakusikia, na Kabula mke wako hakukusikia. Yeye akianza kulia, wewe ulikuwa unaingia chini ya gari. Sasa yuko Choma kwa wazazi wake tangu kabla ya mavuno, na ukiulizwa hali unajibu, "Niko freshi, baba mdogo." Mwanangu, naogopa. Naogopa utampoteza mke mwema huku umeshika spana. Marehemu kaka yangu aliniachia wewe nikulee, kwa hiyo kukusumbua ni haki yangu, na leo nitaitumia yote.

Babu yako alikuwa mfugaji wa Choma hasa, mtu wa ng'ombe tangu utoto. Alikuwa na desturi moja. Alfajiri, kabla hajamsalimu mtu, aliingia zizini na mswaki wa mti mdomoni, akatazama ardhi pale kila ng'ombe alipolala. Alitazama kinyesi, mkojo, kama kuna ute au damu. "Ng'ombe hasemi," alikuwa akituambia. "Panaposema ni pale alipolala." Alimjua mgonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajaacha kula.

Nilipokuwa kijana kama wewe alikubali kuuza sehemu ya kundi lake, nikanunua Landrova kuukuu ya kubebea watu na asali kutoka porini hadi stesheni ya Igalula. Mzee akahamia hapa Ng'ambo kukaa nami, na desturi yake akaja nayo. Gari lile lilikuwa limechakaa na lilidondosha oili. Basi kila asubuhi baba aliinama, akatazama mchanga chini yake, akatoa hukumu. "Leo limetoa kidogo." Au, "Leo limelia sana, liongezee." Nami niliongeza kwa neno lake. Taa ya oili ilikuwa imekufa zamani, na kile kijiti cha kupimia nilikigusa kwa nadra, maana nilikuwa na mzee wa kunisomea ardhi.

Ikatokea kisiki kikagonga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hakikuitoboa, ila kiliacha kovu lililonikosesha usingizi. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu nikapata ubavu wa tangi la maji, nikaukata, nikaukunja, nikatengeneza bamba. Wenzangu walifunga mabamba yao kwa bolti. Mimi nilikuwa nimeona bolti zikilegea kwenye barabara za makorongo, nikajiona mjanja kuliko wao, nikachomelea pande zote, kutoka mbele mpaka nyuma ya giaboksi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ile niliipenda sana wakati huo, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kuziba hata pasipo na ufa.

Baba akaja kuangalia. Akainama, akagonga kwa kidole.

"Umeziba vizuri," akasema. "Na ukitaka kuona ndani?"

"Nione nini, baba? Si ndiyo maana nimeziba?"

"Na oili chafu utaitolea wapi?"

"Siku hiyo ikifika, nitakata."

Mswaki wa baba ulihama tu kutoka upande huu wa mdomo kwenda upande ule.

Kesho yake mchanga chini ya gari ulikuwa mkavu, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Hakuna hata tone! Mwanangu, nilicheza, na oili nikaacha kuongeza. Nikawaita mafundi wenzangu waje waone gari lililopona kwa mkono wangu. Baba peke yake hakucheza. Alisimama mbele ya ardhi ile safi kama mtu aliyepotewa na kitu.

"Ng'wana wane," akaniita kwa Kisukuma chake, mwanangu wee, "gari hili halijapona. Limenyamaza. Ng'ombe aliyeharisha jana, leo nikikuta pakavu kabisa, mimi sipigi vigelegele. Nakwenda kumwita bwana mifugo."

Nikacheka. Nikamwambia gari si ng'ombe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawe unajua kwamba miguu yangu mpaka leo ni mizima. Kilichovunjika ni kingine.

Wakati huo nilikuwa nampenda Nyamizi, huyu huyu mama yako mdogo anayekukaangia karanga. Kwao ni kijijini, mbele ya Igalula, watu wa kanisa la Moravian. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na kwake saa nne ilikuwa saa nne. Alikuwa ameshasema hataki mkwe dereva, kwa kuwa dereva leo yupo, kesho hayupo, na ukimuuliza alikuwa wapi atakutajia njia. Nyamizi alimbembeleza mpaka akakubali kutusikiliza siku moja tu. Tukishindwa siku hiyo, basi.

Tukaondoka mapema, mimi kwenye usukani, baba pembeni yangu, nyuma shangazi na mshenga. Porini visiki vilianza kugonga bamba, ngo! ngo! na kila kikigonga nilifurahi. "Mnasikia? Hicho kingetuua!" Shangazi alinisifu. Mshenga alinisifu. Baba alikuwa akitazama miti.

Tulipoipita Igalula, injini ikaanza kugonga kwa ndani, mlio wa mtu anayepiga chungu kwa kijiko. Kabla sijauelewa, injini ikakamata isizunguke tena, gari likasimama, na pori lote likawa kimya. Nikaingia chini. Sikuona kitu, mwanangu. Nilikuwa nimejinyima macho mwenyewe. Nikafungua boneti, nikavuta kile kijiti: kikavu. Nikachukua tindo na nyundo, nikalazimisha kona moja ya bamba mpaka ikaachia, na hapo oili ikanimwagikia mikononi, nyeusi, ya moto, imechanganyika na mchanga na majani makavu. Gari lilikuwa likilia vile vile kila usiku. Mimi ndiye niliyelifungia machozi yake humo ndani.

Baba aliokota fungu la yale majani yaliyolowa, akalinusa. "Na moto ungeshika," akasema, basi. Ningefurahi kama angenipiga.

Tukaenda kwa miguu. Sehemu ile njia inafuata ile ya kale, ya wapagazi waliokuwa wakipanda kutoka pwani kuja Tabora na mizigo mabegani, na shangazi alivua viatu vyake vya harusi akavibeba kichwani pamoja na kanga za zawadi. Alituchekesha kidogo. Aliimba wimbo wa wapagazi, akasema sasa amejua kwa nini babu zake walikuwa wembamba.

Tulipofika jua lilikuwa limepinduka. Mzee wa kanisa alikuwa barazani, mikono juu ya magoti. Nikatoa shikamoo, nikapewa marahaba kavu. Nyuma ya pazia la dirisha nikaliona jicho moja la Nyamizi, jekundu. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu njiani, kwamba mti umeangukia barabara, na mshenga niliyemfundisha akaanza, "Mzee, njia ya leo ilikuwa..."

"Subiri, mshenga," baba akamkata. "Njia haina kosa."

Akaeleza yote. Alieleza mchanga, bamba, onyo lake na kicheko changu. "Kijana wangu ana mikono hodari," akasema, "masikio bado yanakua. Aliziba gari lake likashindwa kutuambia linaumwa. Nimekuja kumposea binti yako mkilijua hilo." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee wa kanisa akanigeukia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Aliponionya nilicheka."

Akaitazama mikono yangu kwa muda. Kisha akaita, "Nyamizi! Lete maji. Na sabuni ya kutosha." Akamgeukia baba akasema, "Hapa wamefika vijana wasafi, wengine na zawadi kubwa kuliko zenu. Sikuweza kujua ndani wana nini. Huyu angalau ameshamwagika mbele yangu." Nyamizi alinimiminia maji, akijizuia kucheka na kushindwa, na ule weusi haukutoka wote. Nilimuoa ningali na oili kwenye kucha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gari lilivutwa mpaka mjini, injini ikashushwa na kufanyiwa upya, na ilichukua muda mrefu kwa sababu haraka niliikinai. Bamba nililitengeneza tena, baba amesimama juu yangu. Safari hii nililifunga kwa bolti zenye nati mbili mbili, nikatoboa tundu kubwa chini ya pale oili inapomwagwa, na matundu mengine ya kuangushia mchanga na majani. Lilikuwa bamba lile lile, nguvu ile ile. Visiki viligonga, likastahimili miaka na miaka. Na asubuhi ya kwanza nilipotoka nje nilimkuta baba ameinama, anatabasamu. Kwenye mchanga palikuwa na tone.

Sasa sikiliza, mwanangu, na yeyote mwingine anayepita hapo kwenye ua na kujifanya hasikii. Sikukatazi kujikinga. Mtu aliyezika mtoto wake amegongwa na kisiki kikubwa kuliko vyote, na anastahili chuma. Amka ufanye kazi, wapakie abiria wako, cheka nao wakicheka. Lakini usichomelee pande zote. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hawakuwa wakisema mambo ya chumbani peke yake. Uchungu usio na tundu la kutokea haupungui, unajaa, na siku utakapokusimamisha utakuwa katikati ya pori na watu wako wote wamo ndani ya gari. Mke wako si mtu wa kufichwa. Mtoto yule alikuwa wenu wawili, na kilio chake ni chenu wawili. Hakuna aliyekwambia kwamba mwanamume akilia anapungua. Na kama yupo aliyekwambia, alikudanganya.

Tena nikupe habari, maana nimeishikilia kutwa nzima na imenichosha. Jumapili Kabula alimpigia simu mama yako mdogo. Mimi nilikuwa karibu, na simu ya mama yako inasikika mpaka kwa jirani. Alisema, "Mama, sijamkimbia Masele. Nilichoka kulia peke yangu."

Umesikia? Hajakukimbia. Anangoja.

Kwa hiyo tumia bolti, utoboe matundu. Na kama bamba halitakwisha leo, liache, tutapita barabara kuu mpaka Igunga na hapo Choma tutaingia polepole. Kesho tunakwenda, nami nitakaa mbele. Usitunge maneno njiani. Mkweo akikuuliza hali, ile freshi yako uiache hapa Ng'ambo. Mwambie panapouma. Ukianza kutaja njia, mimi nipo, nitakukata kama baba alivyomkata mshenga.

Mungu akufungue kifua, mwanangu, kwa mkono mpole kuliko tindo langu. Akurudishie Kabula nyumbani, awape watoto watakaotuzika sisi wazee, wasiwe wa kuzikwa na ninyi. Barabara zako ziwe na visiki vichache, na kila utakapolala, pabaki alama ya kutuambia sisi tunaokupenda umeamkaje.

Sasa futa uso. Hapana, usifute. Acha tu yadondoke. Mimi nitashika hiyo nyundo.