Malkia wa Jino Moja

Mama Safina alishaeneza kwamba fundi cherehani wa Nambambo amerukwa na akili, anagombana na sinema. Mwamini alifika na mwanawe Imrani mgongoni, akamkuta fundi kabana pini mdomoni kama kawaida yake, ila gurudumu la cherehani analizungusha bila kitambaa chini ya sindano. Kile kitabu cha malkia wa chini ya mto, ambacho fundi alimsimulia Mwamini kila alipomshonea nguo, kimetengenezewa sinema. Fundi alitema pini.

"Malkia wangu kikongwe, jino moja. Wao wamemweka binti wa kope za bandia! Na sinema yenyewe tamu, nimeirudia. Sijielewi."

Akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Namwona huyohuyo binti. Mama Imrani, wewe hujaiona. Kaa hapo, nisimulie malkia wangu kama nilivyokusimulia."