Nilimfundisha Kusimama na Kusubiri

Nilimuua binti yangu kwa mapenzi. Watu wa hapa Bariadi wanasema ni mto, hata mchungaji kaburini alisema ni mto. Mimi najua. Naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Aliitwa Kabula, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Kabla yake tulizika watoto wawili, wote hawajafika hata kutembea. Basi huyu aliposimama dede, mimi na mke wangu tulipiga magoti sakafuni tukalia. Nikaapa: huyu hatapatwa na kitu!

Miaka ile biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa watu binafsi. Nilipata uwakala kwa mnunuzi mmoja, mkono ukaanza kushika pesa. Wenzangu walinunua pikipiki. Mimi nilijenga ukuta. Mtaani kwetu Somanda majirani wamezungushia minyaa tu, mbuzi anapita, mtoto anapita. Mimi nikapandisha tofali, nikatia geti la bati, juu nikachomeka vipande vya chupa.

Watoto wa mtaani walikuja kuchungulia kwenye tundu la bati. "Geti Kali! Geti Kali, toka tucheze! Au unaogopa jua litakuyeyusha kama samli?"

Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikawafukuza.

Halafu nikaongeza ukuta wa pili, ule usioonekana. Nilipiga marufuku Kisukuma nyumbani. Niliogopa atachekwa shuleni kama nilivyochekwa mimi, nilipotamka Kiswahili kwa ulimi wa machungani. Mke wangu akiteleza neno moja, nilimkazia macho.

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alikuja kututembelea kutoka kijijini kwetu Lalago na kapu la michembe, vile viazi vyetu vya kukaushwa. Akamsalimia mjukuu wake kwa Kisukuma. Mjukuu akanitazama mimi nimtafsirie! Mayu akanigeukia.

"Wewe, unalea mtoto au unafuga kuku wa kizungu?"

"Mayu, mjini kuna hatari."

"Na wewe nani alikufungia? Ulikuwa unarudi na mwiba mguuni na kicheko mdomoni."

"Ndiyo maana nimejaa makovu."

"Makovu hayo ndiyo yaliyokupa akili. Hiyo kidogo uliyonayo!"

Nikacheka. Jamani, nilicheka!

Kuna somo moja nilimfundisha kwa bidii. Akiwa na miaka sita tulipotezana mnadani, katikati ya ng'ombe na vumbi. Nilimkuta amesimama palepale tulipoachana, machozi yamekauka mashavuni. Nikambeba begani, nikamnunulia soda, nikamsifu: "Umefanya vizuri sana, mwanangu. Ukikutana na kitu usichokijua, usikimbie. Simama hapohapo. Baba atakuja."

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. "Ukiona usichokijua?" "Nasimama!" "Nani atakuja?" "Baba!"

Kila likizo aliomba kwenda Lalago. Kila likizo nilimwambia mwakani. Alipofika miaka kumi na moja, mke wangu, akiwa na mtoto mwingine mgongoni, alichoka. "Mpeleke wewe, au nampeleka mimi leo hii!" Nikampeleka mwezi wa kumi na mbili, nikabaki hukohuko nimchunge.

Siku ya tatu Milembe, binti wa mdogo wangu, alikuja na ndoo. Kule mto ukikauka, watu huchota maji mtoni vilevile: unafukua mchanga, unasubiri, maji yanajikusanya shimoni. Ni kazi ya watoto, na ndiyo michezo yao.

"Baba mkubwa, tunaenda mtoni. Kabula twende naye?"

Nilitazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Kabula alikuwa ameshavua viatu, ananitazama bila kupumua. Nikasema, "Nendeni, mrudi upesi."

Alikimbia! Sijawahi kumwona akikimbia namna ile, mikono imetanuka kama anataka kukumbatia njia yote.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Milembe. Walichimba, wakarushiana mchanga, wakamcheka Kabula anavyoshika kata kama kijiko. Halafu Milembe akasikia ngurumo kama ya lori lililo mbali. Mtoto yeyote wa kule anaijua sauti hiyo. Mvua imenyesha juu, nchi usiyoiona, na mto unakuja. Wakatupa ndoo. Wakapiga kelele kwa lugha ya nyumbani, maana hofu haiongei lugha ya shule.

"Pelaga! Pelaga!"

Kimbia. Neno hilo tu! Hata ndama wa kule wanalielewa. Binti yangu hakulielewa, kwa sababu mimi nililifungia nje ya geti.

"Lakini si aliona mnakimbia?" nilimfokea Milembe.

"Aliona, baba mkubwa. Nilirudi nikamshika mkono. Akajinasua. Akasema, baba atakuja."

Naye baba alikuwa anakuja kweli. Nilisikia yowe la wanawake nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilipofika ukingoni nilikuta maji mekundu kutoka huku hadi kule, yamebeba matawi na povu, yanapita kama hayana habari na mtu.

Tulimpata kesho yake, chini sana, kwenye mashamba ya watu wasiotujua.

Mayu hakunilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza! Aliiosha miguu ya mjukuu wake taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye unyayo, akasema kwa sauti ya chini, "Laini. Kama alizaliwa jana."

Mnafikiri nilijifunza? Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Yule mtoto wa mgongoni anaitwa Minza. Sasa ana miaka kumi. Yote niliyowaandikia nayajua, naweza kusimama kanisani nikayahubiri mpaka watu walie. Na geti nalifunga mwenyewe, ufunguo nauvaa shingoni. Ukuta nimeuongeza kozi tatu za tofali. Nikijaribu kumruhusu hata aende dukani, masikio yangu yanasikia lile lori, nabadili neno kabla halijatoka.

"Mmoja alikufa hajui kukimbia," mke wangu aliniambia. "Na huyu unamwandalia nini?"

Nilitoka nje nikakagua kufuli la geti.

Minza alikuwa anaomba kama dada yake. Aende kwa jirani. Aende kwa Mayu. Nikikataa, analia, ananuna, anapiga mlango teke, na mimi nasononeka moyoni huku nimekaza uso.

Mwaka huu mvua za kwanza zilipokatika, kumbikumbi walitoka kama moshi ardhini. Mtaa mzima ulijaa watoto na makarai, wanagombana, wanawatafuna wabichi, wanateleza kwenye tope. Nilijua ataniomba. Nikaushika ufunguo, nikajiambia, leo nitafungua, Mungu wangu nishike mkono, leo nitafungua! Nikasubiri. Hakuja. Nikamfuata chumbani, nikamkuta amejilaza anachora kidole ukutani.

"Minza, kumbikumbi wametoka."

Hakugeuka. "Nimewaona, baba. Kwenye dirisha."

"Hutaki kwenda?"

"Kwenda wapi?"

Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi mpaka kelele za watoto zikaisha mtaani.

Wazazi wenzangu, nyinyi mnaopima viwanja na kuagiza tofali, nawasihi! Mtoto akikusumbua anataka kutoka, akilia, akinuna, akipiga mlango teke, mfungulie siku hiyohiyo. Msidhani ataomba milele. Wangu ameacha.